Mafunzo ya ubalozini yasiwe ya wenye nacho peke yao

Tangazo la nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika ubalozi wa nchi tajiri husomeka vizuri. Uwe mwanafunzi wa chuo kikuu, masomo yako yawe yanakwenda sawa, uwe raia wa nchi yenye ubalozi, ukubali kuchunguzwa, ujue kuandika na kutunza siri. Hayo ni masharti halali na gazeti hili halina ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni na sharti ambalo halimo kwenye orodha: uwe na mtu wa kukulipia tiketi ya ndege, chumba na chakula kwa wiki 10 au zaidi, huku wewe ukiingia ofisini asubuhi na kutoka jioni bila kupewa hata nauli ya daladala.

Sharti hilo ndilo linalochuja watu kuliko mengine yote. Halipimi akili ya mwanafunzi wala bidii yake, linapima mfuko wa mzazi wake. Msimamo wetu ni huu: ofisi ya serikali ya nchi yoyote inayompokea mwanafunzi ng'ambo kwa kazi ya siku nzima impe posho ya kumwezesha kuishi. Isipoweza, isimwite.

Tuanze na Marekani, kwa sababu mfano wake una mafunzo ya pande zote mbili. Kwa miaka mingi Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo ilipeleka wanafunzi katika balozi zake duniani bila kuwalipa, kwa kawaida kwa wiki 10. Nauli ilikuwa juu ya mwanafunzi. Nyumba pia ilikuwa juu yake, isipokuwa pale ubalozi wenyewe ulipokuwa na mahali pa kumlaza. Waliofika walijifunza mengi, hilo halina ubishi. Lakini waliofika ni wale waliomudu kufika.

Sheria ya nchi hiyo yenyewe haikuwahi kuichukulia kazi ya bure serikalini kuwa jambo la kawaida. Tangu mwaka 1884 ofisi za serikali ya Marekani zimekatazwa kupokea kazi ya kujitolea, kwa kuwa watumishi walikuwa wakifanya kazi za ziada eti kwa hiari, kisha Bunge likaletewa madai ya kuwalipa. Mwaka 1978 mlango mdogo ulifunguliwa kwa wanafunzi. Ulifunguliwa kwa masharti: mwanafunzi awe amesajiliwa kwa angalau nusu ya mzigo wa masomo, chuo chake kiwe kimeridhia, programu iwe imeanzishwa kwa ajili ya kumpa elimu, asilipwe, na kazi yake isitumike kumwondoa mtumishi yeyote.

Yasomeni tena masharti hayo mawili ya elimu na ya kutomwondoa mtumishi. Maana yake ni kwamba kazi ya bure ya mwanafunzi ilikubaliwa kwa sababu yeye ndiye anayepaswa kunufaika, si ofisi. Siku ofisi inapopanga ratiba yake ya mwaka ikijua kwamba mwezi wa sita watakuja vijana watatu wa kuandika taarifa, kupokea wageni na kupanga mafaili, na kwamba wasipokuja kazi italala, hapo nguvu kazi imepatikana kwa bei ya bure na jina la elimu limebaki kwenye fomu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika ofisi hizi jembe hutolewa siku ya kwanza, na chakula hakitolewi kabisa.

Mwaka 2022 mambo yakageuka. Bunge la Marekani lilitenga fedha na wizara ikaanza kuwalipa wanafunzi wake. Msimu wa vuli wa mwaka huohuo, Ikulu ya White House iliwalipa watarajali wake kwa mara ya kwanza katika historia yake, dola 750 kwa wiki. Nyuma ya uamuzi huo kulikuwa na kelele za miaka kadhaa, zikiwemo za kundi la Pay Our Interns, lililoanzishwa mwaka 2016 na vijana waliokuwa wakiuliza kwa nini ofisi zinazoamua mambo ya wananchi wote zijaze vijana wa aina moja. Miaka yote kabla ya hapo jibu lilikuwa kwamba fedha hazipo. Fedha zilipatikana pale wabunge walipoona aibu.

Ulaya nako aibu ilihitajika. Tume ya Ulaya jijini Brussels ilikuwa ikiwalipa watarajali wake kila mwezi. Lakini idara ya Umoja wa Ulaya inayosimamia mambo ya nje, yenye ofisi za uwakilishi takriban 140 duniani, ilikuwa ikipokea kila mwaka mamia ya vijana ambao haikuwalipa. Yaani aliyebaki karibu na kwao alilipwa, na aliyetumwa mbali, alikohitaji tiketi, chanjo na nyumba ya kupanga, hakulipwa. Februari 2017 Emily O'Reilly, aliyekuwa akishughulikia malalamiko ya wananchi dhidi ya taasisi za Umoja huo, alitamka kwamba vijana hao wapewe posho, kwa kuwa utaratibu wa kutolipa unawapendelea wenye uwezo na kuwafungia nje wengine. Lalamiko lililomfikisha hapo lilitoka kwa kijana mmoja aliyefanya kazi bure katika ofisi ya uwakilishi barani Asia. Kijana mmoja aliandika barua, na taasisi nzima ikalazimika kujieleza.

Sasa tuje nyumbani. Pale Gigiri, Nairobi, ubalozi wa Marekani na makao ya Umoja wa Mataifa vinatazamana kuvuka barabara. Umoja wa Mataifa si serikali, lakini unaendeshwa kwa michango ya serikali, na kwa kijana wa Kampala, Goma au Mwanza mlango wake ndio ulio karibu zaidi, kwa sababu hauangalii uraia. Mashirika mawili makubwa, la mazingira na la makazi, yana makao yake makuu hapo. Masharti ya Sekretarieti ya Umoja huo yanaeleweka: uwe unasoma shahada ya juu, au mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, au uwe umehitimu na uanze mafunzo kabla mwaka haujapita. Muda ni miezi 2 hadi 6. Ujue Kiingereza au Kifaransa. Usiwe mtoto wala ndugu wa kuzaliwa wa mtumishi wa Umoja huo. Uwe na bima ya afya ya kujilipia. Na kisha linakuja lile la mwisho: hakuna malipo, na gharama za safari, viza na makazi ni zako au za taasisi iliyokutuma.

Tulitazame sharti la kutokuwa ndugu wa mtumishi. Limewekwa ili nafasi zisigeuke mali ya ukoo, na ni sharti zuri. Lakini linamzuia mtoto wa mtumishi huku likimwacha apite mtoto wa tajiri yeyote mwingine. Upendeleo uliofukuzwa mlangoni umeingilia dirishani.

Agosti 2015 kijana wa miaka 22 kutoka New Zealand, aliyekuwa akifanya mafunzo bila malipo katika Umoja wa Mataifa jijini Geneva, alionekana katika magazeti ya dunia akiishi kwenye hema karibu na ziwa, akiwa na suti na mfuko wa kulalia. Alijiuzulu baada ya habari kuenea. Baadaye alieleza kwamba kwa sehemu alikusudia dunia iangalie. Waliomchukia kwa hilo walikwepa swali: kama si hema, angelala wapi kwa mshahara wa sifuri katika mojawapo ya miji ghali kuliko yote duniani? Shirika la Afya Duniani, lenye makao katika mji huohuo, lilianza kuwapa watarajali wake posho mwaka 2020. Kwa hiyo haisemeki kwamba ndani ya mfumo wa Umoja wa Mataifa jambo hili haliwezekani.

Turudi kwenye masharti yaliyoandikwa, maana kuna wasomaji wetu ambao yanawahusu moja kwa moja. Wapo vijana wa Kikenya, Kitanzania, Kikongo na Kirundi waliokulia Columbus, Minneapolis au Houston, wenye uraia wa Marekani na Kiswahili cha nyumbani. Hao wanastahili kuomba nafasi katika balozi za Marekani, na wachache mno hufikiria hivyo. Kwa kijana kama huyo mtihani huwa fomu ya usalama. Inataka kila anuani aliyoishi kwa miaka 10, na watu wa nchi za nje aliokuwa nao karibu kwa miaka 7. Mtu ambaye kila Jumapili anaongea na mjomba wake wa Bukavu, ambaye ana kaka yuko Tanga na rafiki wa utotoni yuko kambi ya Nyarugusu, ataiona fomu hiyo kama mtego.

Ushauri wetu kwake ni mfupi: andika ukweli, wote. Kuwa na ndugu nje si kosa, bali kuwaficha ndiko kunakoharibu. Mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa katika mtaa mmoja atamaliza fomu hiyo mapema, na wewe utahitaji wiki kadhaa za kupiga simu kuuliza tarehe na anuani. Anza mapema, kwa sababu uchunguzi huchukua miezi, na nafasi ya Juni huombwa mwaka uliotangulia. Soma pia tangazo la msimu unaouomba wewe, si la mwaka jana, maana masuala ya malipo hufuata bajeti na bajeti hubadilika.

Halafu kuna matarajio. Kijana anayekwenda ubalozini akidhani atakaa meza moja na balozi kujadili amani ya dunia atarudi amenuna. Kazi yenyewe ni kusoma magazeti ya asubuhi na kuyafupisha kabla ya mkutano, kuandika kumbukumbu za kikao ambacho hukuruhusiwa kusema neno, kukusanya takwimu za biashara, kuandaa ratiba ya mgeni anayekuja kesho na kuipanga upya saa 4 usiku kwa sababu ndege yake imeahirishwa. Simu unaiacha nje ya eneo la siri. Huweki picha za ofisi mtandaoni. Viza hutoi wewe, na jamaa watakaokupigia uwasaidie viza ujue kuwakatalia bila kugombana nao. Hakuna ahadi ya ajira mwishoni. Nidhamu inayodaiwa ni ya mtumishi kamili.

Hapo ndipo hoja yetu inapopata miguu. Huwezi kumdai mtu saa za mtumishi, siri za mtumishi, mavazi ya mtumishi na adhabu za mtumishi, kisha siku ya malipo umwambie yeye ni mwanafunzi tu.

Wapo watakaosema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Hatukatai. Vijana wetu wanajua kuinama: wanafanya kazi za usiku, wanauza vocha, wanapika chapati za kuuza bwenini ili wamalize muhula. Tunachokataa ni kumtoza mtu kiingilio kabla hajaruhusiwa kuinama.

Watasema pia kwamba hakuna anayelazimishwa. Ni kweli, hakuna anayeshikwa mkono. Lakini kazi za kwanza za diplomasia na za mashirika ya kimataifa huuliza uzoefu, na uzoefu huo hupatikana katika nafasi hizihizi. Aliyeshindwa kulipia wiki 10 akiwa na miaka 21 atakuta pengo kwenye wasifu wake akiwa na miaka 25. Miaka 20 baadaye tutashangaa kwa nini wanaokaa mezani kuzungumzia wakimbizi, mikopo na bei ya chakula ni watu ambao hawajawahi kukosa nauli.

Na watasema kwamba posho zitapunguza idadi ya nafasi. Huenda zikapunguza. Nafasi 5 zinazoweza kugombewa na kila mwenye sifa ni bora kuliko nafasi 15 zinazogombewa na wenye fedha peke yao. Kwa asiyeweza kusafiri ziko njia nyingine. Mwaka 2009 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilianzisha utaratibu wa wanafunzi kuzifanyia kazi ofisi za serikali kwa njia ya mtandao, takriban saa 10 kwa wiki, wakiwa chuoni kwao. Hawakulipwa, lakini mtu aliweza kubaki na kibarua chake na kulala kwake. Kujitolea saa 10 ukiwa nyumbani hakulingani na kujitolea saa 40 ukiwa ugenini, na sera zisizitendee hizo mbili kama kitu kimoja.

Hatuwezi kunyooshea kidole Geneva na Washington tukajisahau. Kenya, kupitia Tume ya Utumishi wa Umma, huwapa posho ya kila mwezi wahitimu wanaofanya mafunzo serikalini. Tanzania, kupitia Bodi ya Mikopo ya HESLB, imeweka mafunzo kwa vitendo miongoni mwa mambo yanayogharimiwa na mkopo. Hizo ni hatua za kweli. Lakini zimejengwa kwa kufikiria ofisi zilizo ndani ya nchi. Mwanafunzi anayepata nafasi katika ubalozi wa nchi yake kule London, Muscat au Beijing anahitaji mpango wa aina yake, wenye tiketi na mahali pa kulala. Wizara zetu za mambo ya nje zikitaka vijana wa kuwasaidia mabalozi, hasa sasa ambapo Kiswahili kinatafutiwa wasomaji na wanafunzi duniani, zitenge fungu. Zisiposema lolote, nafasi hizo zitakwenda kwa watoto wa wakubwa, na hata wakiwa na uwezo hakuna atakayeamini kwamba walizipata kwa haki.

Tunadai mambo matatu kutoka kwa kila ofisi ya aina hii, yetu na ya wenzetu. Kwanza, posho inayotosha chumba, chakula na usafiri wa mji husika, pamoja na tiketi kwa aliyetoka mbali. Pili, kabla fedha hazijapatikana, tangazo liseme wazi makadirio ya gharama za miezi yote, ili mzazi wa Iringa au Kakamega ajue anachoombwa kabla hajauza ng'ombe. Tatu, kila mtarajali apewe kwa maandishi jina la msimamizi wake, orodha ya atakachojifunza, na tathmini mwishoni. Hili la tatu halina gharama yoyote, na ofisi inayolikataa imejibu swali la nani ananufaika.

Vyuo vikuu navyo viache kupiga muhuri barua kwa mazoea. Chuo kinachoridhia mwanafunzi wake aende kufanya kazi bure ng'ambo kiulize analala wapi, ana bima gani, na ameingia nchi hiyo kwa kibali kipi. Viza ya utalii si kibali cha kufanya mafunzo ofisini, na atakayekamatwa ni mwanafunzi, si msimamizi.

Kwa wewe unayelisoma hili ukiwa na fomu mkononi: usimlipe wakala yeyote anayedai kukuunganisha. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya maombi, na balozi za kweli haziuzi nafasi za mafunzo. Piga hesabu ya miezi yote kabla ya kukubali, ukijumlisha na siku ya kuugua. Uliza kwa barua pepe kama kuna posho, nyumba au chakula cha mchana, na uhifadhi jibu. Uliza chuo chako kama kazi hiyo itahesabiwa kwenye masomo. Ukiona hesabu haikubali, kataa, na katika barua ya kukataa andika sababu: sina uwezo wa kufanya kazi bila kulipwa. Usione haya. Ofisi hizi zimezoea kupokea shukrani za waliokuja, na hazina rekodi ya walioshindwa kuja. Barua yako ndiyo itakayokuwa rekodi hiyo.

Na kwa wakuu wa Umoja wa Mataifa pale Gigiri: Geneva wenzenu wa afya wamelipa, na ng'ambo ya barabara yenu Wamarekani waliwahi kuona aibu wakalipa. Ninyi mnaandika ripoti kuhusu usawa. Walipeni vijana wanaowasaidia kuziandika.